Kichupa cha Mate ya Bi Zamzam

Bi Zamzam binti Sadalla alianza kutokuwepo siku ya Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, chai yake ikiwa mezani. Swaumu, binti yake wa mwisho, aliyekuwa akiishi naye Magomeni katika nyumba ileile walimozaliwa watoto wake wote, alikuwa ameshaikoroga sukari vijiko viwili na kuifunika kwa kisahani isipoe. Mama yake hakuwahi kukutwa na jua kitandani. Swaumu alikwenda kumgongea akiwa amejiandaa kusikia tusi dogo la asubuhi, maana Bi Zamzam hakumsalimia mtu kabla hajamkosoa: mlango unaugonga kama polisi, au kanga umeifunga kama mzigo wa kuni. Safari hii hakusikia tusi. Alijua kabla hajausukuma mlango.

Walimzika siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Chai ilikaa mezani mpaka jioni, jirani mmoja akaimwaga na kuosha kikombe bila kuuliza, na Swaumu hakumsemesha jirani huyo kwa wiki nzima.

Mtu mmoja alikosekana mazikoni na kila mtu aliona. Matilda, Mnyamwezi, alikuwa amekwenda kwao Tabora kufuata asali. Kwa miaka thelathini na kitu yeye na Bi Zamzam walikaa baraza moja Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, Bi Zamzam na kanga zake, Matilda na ndoo zake za asali, na kwa miaka yote hiyo hawakupeana neno jema hata moja. Walikuwa watani. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, lakini wengi siku hizi hutaniana kwa kukumbushwa, kwenye harusi au kwenye basi. Wawili hawa walitaniana kama watu wanaokula mshahara wa kazi hiyo. Matilda akichelewa kufungua, Bi Zamzam aliwaambia wateja kuwa mtumwa wake katoroka. Bi Zamzam akienda kuswali, Matilda aliwauzia watu kanga zake huku akiwaeleza kuwa mwenye duka amekwenda kuiba nazi.

Na mtani msibani ana kazi yake. Haji kulia. Anakuja kuvaa nguo za marehemu, kutembea alivyotembea, kusema uchoyo wake mbele ya wanawe, kujilaza kitandani kwake na kudai chai, mpaka anayelia acheke na aliyejikaza alie. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Kwao Swaumu, mtu akizikwa bila mtani wake walisema kazikwa nusu.

Matilda alipiga simu siku ya pili.

"Mmemzika?"

"Tumemzika, ma' Matilda."

"Bila mimi."

"Wewe uko Tabora. Maiti hangojei."

"Kanisubirisha mimi kila siku miaka yote hiyo, anafungua duka saa nne kama bwana shamba. Leo yeye katakiwa kusubiri siku mbili, kashindwa." Swaumu alisikia kuku upande wa pili wa simu. "Haya. Nakuja arobaini. Mwambie asifike mbali."

Lakini arobaini ilikuwa mikononi mwa Abdulmajid.

Abdulmajid alikuwa kaka yake Swaumu, mkubwa wake kwa miaka minane, anaishi Upanga na ana duka la taa za urembo Mchafukoge, zile za vioo vinavyoning'inia kama meno, zilizopakwa rangi ya dhahabu inayobanduka ukiigusa na kidole chenye maji. Tangu taa zile zianze kutoka vizuri, alikuwa ameacha kuwa Mzaramo. Hakutangaza. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha kuvaa viatu vya zamani. Kwanza akasema babu yao mzaa mama alikuwa na pua ya Kiarabu. Baadaye akasema hapana, si Kiarabu, ni ya Kiajemi. Mwishoni akaanza kuandika jina lake kwenye kadi za biashara na neno Shirazi nyuma yake. Bi Zamzam aliyeijua pua ya baba yake, na aliyejua kuwa mzee Sadalla alikuja mjini kutoka Kisarawe na punda mmoja aliyekuwa wa mtu mwingine, aliwaambia majirani, "Majid anaumwa asili. Dawa yake sijui."

Ramadhani iliyopita, miezi miwili kabla ya ile Jumanne, Abdulmajid alikuja barazani Tandamti na kiboksi alicholetewa na rafiki yake kutoka London. Ndani mlikuwa na kichupa cha plastiki chenye mfuniko wa buluu. Swaumu alikuwepo, amemletea mama yake chenji kabla ya kwenda kupika futari, na aliyasikia yote.

"Unatema mate humu mpaka kwenye mstari," alisema Abdulmajid. "Wanayasoma vinasaba vyako. Halafu kuna mahali pengine kwenye mtandao, wana vinasaba vya mifupa ya watu wa kale iliyofukuliwa. Unalinganisha. Kompyuta inakwambia uko karibu na wafu gani."

"Niko karibu nao wote," alisema Bi Zamzam. "Nina miaka sabini na nne."

"Mama, ni mate tu."

"Mbona hutemi wewe?"

"Wewe ndiye mwenye damu kamili. Sisi tumeshachanganywa."

"Umechanganywa na baba yako, na alikuwa mtu mwema. Mate yangu leo sitoi. Nimefunga."

"Kutema hakubatilishi funga."

"Kumbe dini unaijua. Mbona Ijumaa hukuonekana?"

Matilda, upande wa pili wa baraza, alikuwa akilamba kijiko cha asali mbele ya wafungaji kama alivyofanya kila Ramadhani. Aliuliza kama hao wafu nao waliombwa mate yao au walifukuliwa tu. Abdulmajid hakumjibu. Alikuwa hamjibu Matilda tangu aache Uzaramo.

Akakiacha kichupa. Kesho yake asubuhi alipita Magomeni kukichukua, na Bi Zamzam akamkabidhi kwa mikono miwili, uso umekunjwa kwa adabu ambayo haikuwa yake.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Hiyo ndiyo asili yetu."

Swaumu aliuona uso ule akashangaa. Alidhani labda mama yake amezeeka.

Majibu yalikuja wiki ya tatu baada ya mazishi. Abdulmajid aliyaleta Magomeni yakiwa kwenye fremu ya dhahabu, kubwa kama dirisha la choo. Ili apate msumari wa kuitundikia, aliishusha picha ya mama yao akaihamishia korido, karibu na friji.

Kulikuwa na duara la rangi, na chini yake orodha ya mifupa: kila mfupa na jina la mji wa kale ulikofukuliwa, karne yake, na namba. Wa kwanza katika orodha alikuwa mtu wa pwani, aliyezikwa miaka mia sita iliyopita katika kaburi la mawe.

"Namba ndogo maana yake uko karibu naye," alisema Abdulmajid, akigonga kioo kwa kucha. "Sifuri nukta sifuri nne. Unaelewa hiyo? Watu wa majumba ya mawe, Swaumu. Waliokula kwenye sahani za Kichina. Hawa ndio sisi."

"Na Kisarawe?"

"Kisarawe tulipita tu."

"Tukapita na punda wa watu."

Hakucheka. Mtu aliyejipatia jamaa wa miaka mia sita hana haraka ya kucheka. Alisimama mbele ya fremu ile mikono nyuma, akiiangalia mifupa kwa upole ambao Swaumu hakuwahi kumwona nao mama yao alipokuwa hai. Mama alipolazwa na malaria, huyu alituma dereva na zabibu. Alipotaka mtu wa kumpeleka kuangalia macho, huyu alikuwa na mzigo bandarini. Leo anajua karne, anajua kaburi, anajua sahani. Swaumu alimdharau taratibu na kwa raha, kama mtu anayekula muwa.

Hata hivyo aliuliza, "Na mate yenyewe? Wameyatupa?"

"Hayatupwi. Yanahifadhiwa kwenye barafu. Miaka kumi au zaidi."

Swaumu alimsindikiza mlangoni. Kaka yake alipoondoka, alikwenda korido akafungua friji bila kutaka kitu, akasimama pale na baridi usoni, mama yake akimtazama kutoka kwenye picha. Nguo zilikuwa zimeshafuliwa na shangazi wawili wenye bidii. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kikombe kilikuwa kimeoshwa. Lakini mahali fulani, katika nchi asiyoijua, palikuwa na kijiko kimoja cha mate ya mama yake, kimewekwa kwenye baridi na watu waangalifu, na hakuna jirani wa kukimwaga. Mifupa na fremu alimwachia kaka yake. Hicho kijiko alikichukua yeye, na usingizi wake ukatulia kidogo.

Wiki moja kabla ya arobaini Abdulmajid alimpigia.

"Yule Mnyamwezi asije."

"Nani?"

"Unamjua. Nitakuwa na wageni wa maana. Utani ni wa Wazaramo na Wanyamwezi, na sisi tumeshajua ni nani. Washirazi hawana mtani."

"Mama alikuwa naye."

"Mama alikuwa hajapata majibu. Mwambie wewe, mnaelewana."

Swaumu alikwenda Kariakoo akiwa na maneno tayari. Alikuta kiti cha mama yake kimewekwa miguu juu kwenye meza ya kanga, na Matilda amekaa upande wake, mgongo amekigeuzia kiti hicho kama mtu aliyenuna.

"Shikamoo, ma' Matilda."

"Marahaba, mjukuu wa mwizi wa punda. Umekonda. Mnakula kisamvu cha nani siku hizi?"

"Ma' Matilda, kaka Majid anasema kuhusu arobaini…"

"Lile baibui lake la vifungo, jeusi, lenye kiraka kwapani," alisema Matilda. "Msimpe mtu. Nimelitamani tangu mwaka juzi. Yeye alijua, ndiyo maana akalitia kiraka badala ya kulitupa. Roho mbaya ile." Alifuta ndoo ambayo haikuwa na uchafu. "Nilikuta mmeshamzika. Nimefika hapa asubuhi nikaanza kumtukana kabla sijakumbuka. Watu wakaniangalia. Mama mzima nimesimama natukana kiti."

Swaumu alitazama kiti. Alijua kabisa kuwa maneno aliyokuja nayo yangekuwa mazishi ya pili, na mara hii mzishi angekuwa yeye.

"Siku hiyo uje kwa mlango wa uani," alisema. "Baibui nitakutunzia."

Arobaini ilikuwa Jumapili baada ya Adhuhuri. Turubai lilifungwa uchochoroni, hitima ikasomwa, dua ikaombwa, pilau likawa linasubiri kwenye masufuria. Wageni wa maana walikuwepo, wenye taa za Abdulmajid majumbani kwao. Wazee wa Magomeni walikaa kwenye mkeka kama wanavyokaa siku zote. Abdulmajid alisimama amevaa joho jipya, jeusi, lenye uzi wa dhahabu pembeni, akawasogeza watu mpaka sebuleni na ukumbini ili wote, wanaume huku na wanawake kule, waione fremu. Binti yake Najma, anayesoma chuo kikuu na ndiye aliyemfanyia kazi ya kompyuta, alisimama karibu yake akiangalia sakafu.

"Mama yetu," alianza Abdulmajid, "alikuwa hazina, nasi hatukujua. Sayansi imetuonyesha. Marehemu alikuwa karibu na hawa waungwana wa kale kuliko…"

Mlango wa chumba cha Bi Zamzam ukafunguka.

Bi Zamzam akatoka. Baibui la vifungo, kiraka kwapani, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo, mkono mmoja kiunoni, pua ikivuta hewa kwanza kabla mdomo haujafunguka. Swaumu mwenyewe alikuwa amelifunga baibui lile kifungo kwa kifungo, na bado moyo ulimruka. Yule mama akapita katikati ya wanawake, akashika ncha ya kanga ya mmoja, akaisugua kati ya vidole viwili.

"Hii umenunua au umepewa?"

Kicheko kilitoka kwa shangazi mkubwa kabla hajaziba mdomo. Ndivyo Bi Zamzam alivyomuuliza kila mteja aliyepita barazani amevaa kanga ya duka jingine. Matilda alisonga mbele. Alimwambia shangazi wa pili kuwa anasikia amemfulia nguo zake, na lini aliwahi kufua za kwake. Aliuliza chai yake iko wapi, na nani aliyeimwaga, na Swaumu akaona jirani akijificha nyuma ya nguzo. Swaumu alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na akiwa ameshika ukuta akagundua kuwa analia, kilio kile kilichokwama tangu Jumanne ile, na hakujaribu kukizuia.

Matilda alimfikia Abdulmajid. Alilishika joho, akalisugua.

"Na hili? Umenunua au umepewa?"

Wazee kwenye mkeka wakaangua kicheko. Abdulmajid alisema kwa sauti ya chini, "Mtoeni huyu mama." Hakuna aliyenyanyuka. Mzee Rajabu, rafiki wa marehemu baba yao, alisema bila kuinua kichwa, "Mtani hatolewi, Majid. Kaa chini, mama yako anaongea."

"Huyu si mtani wetu. Nilikuwa naeleza. Hapa kuna majibu ya vinasaba vya mama, mate yake mwenyewe…"

Matilda alikuwa ameshaifikia fremu. Aliinamia kioo, akasoma, midomo ikicheza.

"Mate ya lini?" aliuliza, na safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Ya kile kichupa cha Ramadhani? Cha mfuniko wa buluu?"

"Ndiyo."

"Ya kwangu yale."

Hapakuwa na aliyeelewa mara moja.

"Nilitema mimi," alisema Matilda. "Ulipoondoka tu, alinisogezea. Akasema, mtani, mimi nimefunga na wewe unalamba tu tangu asubuhi, fanya kazi. Tumpeleke Mnyamwezi Ulaya bila nauli. Nikatema mpaka kwenye mstari, na asali juu. Tulicheka mpaka akashika nguzo, akasema nimemharibia funga yake." Akamgeukia Abdulmajid. "Nilidhani alikwambia, Majid. Nilidhani mlishacheka."

"Kwa hiyo Mshirazi wa mawe ni Mnyamwezi wa Tabora," alisema Mzee Rajabu, na baada ya hapo kwa muda hakuna kilichosikika ila kicheko.

Abdulmajid alisubiri kiishe. Lazima isemwe, hakukosa ujasiri. "Mama huyu anasema uongo," alisema. "Namba haidanganyi. Mnyamwezi hawezi kuwa karibu na mifupa ile. Najma, waeleze."

Najma aliinua macho kutoka sakafuni. "Namba ni sawa, baba. Ila orodha uliipunguza."

"Niliipunguza vipi?"

"Mwanzoni ilikuwa na mifupa mingi, ya bara, ya kusini, ya kila mahali. Ukaniambia nifute yote, nibakishe tisa ya pwani, kwa sababu mingine haituhusu. Kompyuta inachagua aliye karibu kati ya hao uliowapa. Haiwezi kumtaja asiyekuwepo."

"Hata mate yakiwa ya nani?" aliuliza Mzee Rajabu.

"Hata yakiwa ya Mchina, babu. Naye angepata wa kwanza wake kwenye orodha hiyo."

Abdulmajid alimtazama binti yake, halafu fremu, halafu wageni wake wa Upanga, ambao wote walikuwa wameanza kuulizia pilau. Matilda alinyoosha mkono mbele yake, kiganja chini, kama mama anayesubiri kubusiwa.

"Basi mimi ndiye mama yako sasa. Imeandikwa ukutani. Niamkie."

Hakumwamkia. Alitoka nje kusimamia viti, ambavyo havikuwa na shida yoyote.

Swaumu alimkuta Matilda uani, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, baibui lingali mwilini, jasho likimtiririka. Alimpa maji. Alitaka kuuliza akiwa amesimama, akashindwa, akachuchumaa.

"Ma' Matilda. Kwenye kile kichupa. Hakutia hata kidogo? Hata tone?"

Matilda alimtazama, akaweka maji chini.

"Hakutia, mwanangu."

"Walisema wameyaweka kwenye barafu."

"Yangu hayo."

Swaumu aliinamisha kichwa. Kile kijiko alichokuwa amekitunza kwa siku ishirini, katika nchi asiyoijua, hakikuwahi kuwepo. Alikuwa amemcheka kaka yake kwa kuabudu kaburi la mtu mwingine, naye alikuwa amesimama mbele ya friji akiyalilia mate ya Mnyamwezi. Alijiona mpumbavu wa kutosha kukaa fremu moja na Abdulmajid.

Matilda aliyachukua tena maji, akayamaliza. Kisha akavuta hewa kwa pua, akashika ncha ya mtandio wa Swaumu, akaisugua kati ya vidole viwili, polepole.

"Hii umenunua," aliuliza, kwa sauti ileile, "au umepewa?"

"Nimepewa," alisema Swaumu. "Na wewe, mama."

Abdulmajid aliibeba fremu yake kwenda Upanga jioni ileile, na huko ingali ukutani, chini ya taa kubwa ya vioo. Wageni wanaelezwa kuwa ni vinasaba vya marehemu mama yake. Picha ya Bi Zamzam ilirudishwa kwenye msumari wake Magomeni. Swaumu ndiye anayeuza kanga Tandamti sasa, anafungua saa nne, na baibui la vifungo analivaa Matilda.